Kuvuka balehe ukiwa salama: mwongozo kamili kwa kijana wa Dodoma

Mdogo wangu, mwongozo huu ni wako wewe uliye kati ya darasa la sita na kidato cha nne, uwe unakaa na wazazi Area C, kwa shangazi Nkuhungu, au umepanga geto na wenzako karibu na shule ya kata huko Bahi au Chamwino. Mzazi au mlezi akitaka kusoma naye asome, ila maneno haya nakuambia wewe.

Kuna jambo moja naomba ulishike kuliko yote: usipite kipindi hiki kimya kimya. Mabadiliko ya mwili ni ya kawaida, kila mtu mzima unayemwona barabarani ameyapitia. Kinachowaumiza vijana wengi ni kukaa nayo peke yao, wakiogopa kuuliza, mpaka jambo dogo linakuwa kubwa. Zamani shangazi, bibi au mjomba alikuwa na kazi ya kumweka kijana chini na kumfunda. Siku hizi, hasa tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, familia nyingi hapa mjini ni za watu waliotoka mikoa mingine. Bibi yuko mbali, na baba na mama wanarudi kazini giza limeshaingia. Mazungumzo yale yamebaki hayana mwenyewe. Kwa hiyo itabidi uyaanzishe wewe, na huko mbele nitakuonyesha namna.

Hatua ya kwanza: ujue mwili wako unafanya nini

Msichana huanza kuona dalili za balehe akiwa na miaka 8 hadi 13, na mara nyingi matiti ndiyo hutangulia. Hedhi hufuata baadaye, kwa wengi baada ya miaka miwili au zaidi kidogo. Mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14: korodani hukua kwanza, kisha vinafuata kimo, sauti na ndevu. Ndiyo maana darasa la saba utakuta msichana amempita kaka yake urefu, halafu kidato cha tatu mambo yanageuka. Usijipime kwa mwenzako wa dawati la pili. Ila kama msichana amefika miaka 13 bila dalili yoyote, au 15 bila kuona hedhi, au mvulana amefika 14 bila mabadiliko yoyote, nendeni hospitali mkaulize. Huenda ni kuchelewa tu, lakini ni vizuri daktari aseme.

Nianze na wasichana, maana hapa ndipo penye ukimya mkubwa zaidi.

Katika miaka miwili ya mwanzo hedhi huwa haina mpangilio. Kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya nyingine, siku 21 hadi 45 ni kawaida kwa umri wako. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Weka alama kwenye kalenda au nyuma ya daftari kila inapoanza. Baada ya miezi michache utaanza kuona mwendo wako mwenyewe, na daktari akikuuliza utakuwa na jibu. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa. Kwenye begi la shule kaa na pedi mbili, chupi moja safi, kipande cha sabuni na kifuko cha kitambaa cha kuwekea iliyotumika. Hivyo tu vinatosha kukufanya usikose kipindi cha mchana.

Kama unatumia vitambaa au pedi za kufua, sikiliza vizuri. Anza kuloweka kwenye maji ya baridi, damu itoke, ndipo ufue kwa sabuni, usuuze mpaka maji yatoke meupe. Kisha anika juani. Najua wengi wenu mnaanika chini ya godoro au nyuma ya mlango kwa kuona haya, na kitambaa kinakaa na unyevu siku nzima, kinanuka, kinaleta muwasho na maambukizi. Jua la Dodoma ni kali na upepo hauna mchezo. Kitambaa kikikaa kwenye kamba kuanzia asubuhi, mchana kimekauka kabisa. Ukiona haya, tandika kanga nyepesi juu yake, hewa na joto vitapita.

Maumivu ya tumbo ya siku ya kwanza na ya pili yanatulizwa na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa, kutembeatembea, na dawa ya maumivu uliyoelekezwa na mhudumu wa afya. Lakini kama kila mwezi maumivu yanakulaza kitandani na unakosa shule, au pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili, au damu inapita siku 7, hilo ni la hospitali. Ukiambiwa "vumilia, ukizaa yataisha", usikubali jibu hilo.

Sasa niseme jambo ambalo hapa kwetu Dodoma na jirani zetu Singida lazima lisemwe. Msichana akipata muwasho au maumivu sehemu za siri, au mkojo ukamchoma, wapo wanaosema ni lawalawa, jina la kienyeji la maradhi hayo, na kwamba dawa yake ni kukeketwa. Huo si ukweli. Hayo ni maambukizi, na maambukizi hutibiwa kwa dawa za hospitali na usafi. Ukeketaji hauponyi chochote. Unaleta damu nyingi, vidonda, na shida wakati wa kujifungua. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Ukisikia inapangwa kwako au kwa mdogo wako, hata kama ni mtoto mchanga, usingoje siku ifike. Piga 116.

Na kama una miaka 9 hadi 14, uliza kituo cha afya kuhusu chanjo ya HPV. Inakinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi na inatolewa bure.

Wavulana nanyi mna yenu. Sauti kukatikakatika, ndoto nyevu, na hata chuchu kuvimba kidogo na kuuma ni mambo ya kawaida. Uvimbe huo wa chuchu hupotea wenyewe, kwa wengine miezi, kwa wengine hadi miaka miwili. Kuna jambo moja tu ambalo halina subira: ukipata maumivu makali ya ghafla kwenye korodani moja, labda na kichefuchefu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Korodani inaweza kujisokota na damu ikakatika, na madaktari wana kama saa 6 za kuiokoa. Vijana hupoteza korodani kwa sababu waliona aibu kumwamsha baba. Mwamshe. Na tohara ifanyike kwenye kituo cha afya chenye vifaa safi, kidonda kipewe wiki sita hivi kipone kabisa.

Chunusi ni za wote. Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali, hasa ukirudi shule na vumbi la njiani, na usizitumbue. Krimu za mkorogo ziache kabisa. Nyingine zina dawa kali zinazoharibu ngozi, na chunusi zinarudi mbaya kuliko mwanzo.

Hatua ya pili: panga usiku, mchana utajipanga

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Ukipiga hesabu kidogo utaona tatizo liko wapi. Chukua kijana wa Nzuguni anayeamka saa kumi na moja alfajiri ili achote maji, afagie uwanja, awahi daladala na kufika shule kabla ya kengele. Ili apate saa 8 lazima awe usingizini saa tatu usiku. Lakini katika umri huu mwili wenyewe unachelewesha usingizi, homoni yake inatoka usiku zaidi kuliko alivyokuwa mdogo. Akiongeza simu kitandani, saa sita inamkuta macho makavu. Asubuhi anasinzia kwenye hesabu, mwalimu anamwita mvivu, na jioni ana hasira na kila mtu.

Fanya hivi kwa wiki mbili kabla hujaamua kama inakufaa. Kazi za shule ziishe kabla ya saa mbili na nusu usiku, ukianza na somo unalolichukia wakati akili bado ina nguvu. Sare, daftari na viatu viandaliwe usiku huo huo. Simu, kama unayo, ichajiwe sebuleni au kwa mama, isilale na wewe. Jumamosi na Jumapili usiamke zaidi ya saa moja au mbili baada ya muda wako wa kawaida, la sivyo Jumatatu itakuwa ngumu.

Kwenye mageto mpatane wote: taa inazimwa saa ngapi, redio inafungwa saa ngapi, nani anapika siku ipi. Andikeni kwenye karatasi, bandikeni ukutani. Nimeona mageto yenye karatasi ya namna hiyo na yasiyo nayo, na tofauti huonekana hata kwenye matokeo ya kidato cha pili.

Na wewe mvulana, dada yako anahitaji saa hizo za kulala sawasawa na wewe. Kama yeye anapika, anaosha vyombo na kuchota maji wakati wewe umeshika daftari, chukua ndoo.

Hatua ya tatu: kula chakula cha hapa hapa

Huhitaji chakula cha gharama. Ugali wa mtama au uwele, mlenda uliokolezwa karanga, maharage, dagaa, mchicha: hayo ni ya kwetu na yanajenga mwili unaokua kwa kasi. Msichana anayepata hedhi anapoteza madini ya chuma kila mwezi, kwa hiyo maharage, dagaa na mboga za majani visikose kwa wiki. Kunywa juisi ya ubuyu au kula tunda pamoja na mlo, maana vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini hayo kwenye mboga. Chai hufanya kinyume. Inywe angalau saa moja baada ya kula. Ukichoka haraka, ukisikia kizunguzungu na viganja kuwa vyeupe, omba upimwe wingi wa damu.

Asubuhi usitoke bila kitu tumboni. Uji wenye karanga zilizosagwa unakufikisha mapumziko bila kuishiwa nguvu. Vinywaji vya kuongeza nguvu unavyoona vinanywewa wakati wa mitihani vinakuibia usingizi ule ule tuliouzungumzia. Mazoezi unayo tayari kama unatembea kwenda shule na kurudi. Unatakiwa upate kama dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku, na mpira wa jioni nao unahesabika.

Hatua ya nne: hasira na huzuni

Sehemu ya ubongo inayozuia papara na kupima matokeo inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, wakati sehemu ya hisia imeshashika moto. Kwa hiyo ukilipuka kwa jambo dogo si kwamba umeharibika. Lakini ulichokifanya ukiwa na hasira bado ni chako. Ukiona mikono inatetemeka na maneno makali yanakuja mdomoni, ondoka pale kwa dakika kumi. Nawa uso, zunguka nyumba, pumua taratibu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Kisha rudi. Kurudi ni sehemu ya hatua hii, maana anayeondoka moja kwa moja ameukimbia ugomvi tu.

Huzuni ya siku mbili tatu baada ya kufeli au kugombana na rafiki ni ya kawaida. Ikipita wiki mbili, ukawa huli, hulali au unalala mno, vitu ulivyovipenda havina ladha, masomo yanashuka, basi mwambie mtu mzima mwende kituo cha afya au hospitali ya rufaa ya mkoa. Wakikuelekeza Mirembe, nenda. Hapa mjini jina hilo hutajwa kwa kumcheka mtu, na watu wanaumia nyumbani kwa kuogopa kuonekana getini. Ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wengi wanaotibiwa pale wanarudi nyumbani, kazini na shuleni.

Rafiki yako akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kaa naye, usimwache peke yake, mwite mtu mzima. Hata kama alikuapisha usiseme, sema.

Hatua ya tano: watu, lifti na simu

Lifti ya bodaboda ya kila siku, chipsi, vocha, hela ya saluni: mtu mzima anayekupa bila sababu anaweka deni ambalo hukulikubali, na siku moja atakuja kulidai. Jibu fupi linatosha: "Asante kaka, natembea na wenzangu." Usieleze zaidi, na usirudi njia hiyo peke yako. Sheria iko upande wako: anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Na kama imeshatokea, shule haijaisha. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi kwenye mfumo rasmi wa masomo. Mkiwa na maswali kuhusu mapenzi, mimba au Virusi vya Ukimwi, vituo vingi vya afya vina huduma rafiki kwa vijana. Waulizeni wao kabla ya kuuliza mtandaoni.

Picha za utupu usitume kwa yeyote, hata mnayependana naye. Ukitishiwa kwamba zitasambazwa, usilipe na usifute ujumbe, ni ushahidi. Kuhusu kubeti, sheria inakataza walio chini ya miaka 18, na mkeka (tiketi ya kubeti) wa kwanza ukishinda ndio unaokutia kwenye madeni ya baadaye.

Hatua ya sita: shika kitu kimoja

Kila muhula chagua somo moja la kulipandisha na ujuzi mmoja wa kuujua: kushona, kompyuta, kutunza bustani, kurekebisha baiskeli. Kimoja kimoja. Jumamosi maktaba ya mkoa ni mahali pazuri kama nyumbani kuna kelele.

Hatua ya saba: tafuta mtu mzima wako na uzungumze naye

Tafuta wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa nje: mama, baba, shangazi, mwalimu wa malezi, matroni, mchungaji, ustadhi. Mtu anayefaa ni yule ambaye hujawahi kumsikia akitangaza siri za watoto wa wengine. Anayekuambia "hili libaki kati yetu, mama yako asijue" huyo hafai, na akianza kukushika au kukupa zawadi za siri, mkimbie.

Muda una maana kubwa. Usimwanzie mama akiwa ndiyo kwanza anaingia na mizigo ya sokoni, wala baba akiwa na wageni. Mfuate jikoni mnapochambua mlenda, au mnapotembea kutoka ibadani. Watu wakiwa na kazi mikononi hawatazamani sana usoni, na maneno magumu hutoka kwa urahisi.

Msalimie kwanza kama kawaida, kisha sema: "Mama, nina jambo linanisumbua. Naomba unisikilize mpaka nimalize, halafu ndiyo uniseme." Kisha litaje jambo lenyewe kwa sentensi moja, bila kuzunguka. "Sijaona hedhi miezi miwili." "Kuna mwalimu ananishikashika." "Nimepoteza hela ya michango kwa kubeti." Halafu mwambie unachotaka: akupeleke hospitali, aende shule, au akusikilize tu. Wazazi wengi wakishtuka huanza na ukali. Mwache auseme, usimjibu kwa sauti, usikimbie chumbani. Mara nyingi kesho yake anarudi mwenyewe, na huo ndio wakati mazungumzo yanapoanza kweli. Ukishindwa kusema kwa mdomo, andika kwenye karatasi na umpe mkononi. Akikupuuza kabisa, nenda kwa yule wa pili siku hiyo hiyo.

Siku ya dharura

Ukibakwa au kulazimishwa, usioge na usifue nguo ulizovaa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Wahi hospitali na mtu unayemwamini. Dawa ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na ikianza mapema ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina siku 5. Polisi utatoa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambako wanatoa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali. Ukiwa umeumia, matibabu yatangulie.

Ukipigwa nyumbani, wakitaka kukuozesha, ukitishiwa, au ukihisi huwezi kuvuka usiku huu, piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto. Ni bure, usiku na mchana. Sema uko wapi, kama uko salama kwa sasa, na nini kimetokea. Huna simu? Mwombe mwenye duka, mwalimu wa zamu au balozi wa mtaa akupigie. Iandike namba hiyo leo ndani ya jalada la daftari lako, na umwandikie na mwenzako unayekaa naye dawati moja.